Mnara Uifuate Simu Yangu

Nyuma ya Kambi ya Polisi,
Nsambya, Kampala.

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Simu ya Sautimbali.

Ndugu Mkurugenzi,

Pokea salamu za mteja wako ambaye, kwa makosa yenu, hapatikani kwa sasa.

Mimi ni Sajini mstaafu Kidega Ocira, niliyekuwa askari wa redio katika polisi. Binti yangu Abalo, nesi huko Amerika, amenitumia simu ya kifahari ili tuongee kila Jumapili. Simu inapiga picha hadi miguu ya mbu inahesabika, lakini nyumbani kwangu haishiki mtandao wenu hata kidogo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Niliipeleka kwa fundi Latif, sokoni Nakawa. Akaifungua, akaifunga, akasema: "Mzee, simu iko sawa, lakini bendi zake za mawimbi ni za Amerika. Minara ya huku inatumia zingine. Zinapatana kwa moja tu." Nauliza kwa adabu: kati ya simu iliyovuka bahari na mnara ambao haujawahi kutoka Nsambya, nani anapaswa kumfuata mwenzake?

2. Kazini kwetu, afande mkubwa akija na redio yenye masafa yake, kituo kizima kilikuwa kinabadili masafa kumfuata. Hakuna aliyethubutu kumwambia akatafute redio nyingine. Kwa simu hii, afande ni mimi. Badilini minara.

3. Hiyo bendi moja inashika mahali pamoja tu mtaani: barazani kwa Kaltumi, mjane wa marehemu Konstebo Rajab niliyefanya naye kazi, tena mpaka niegemee nguzo ya kushoto. Kila Jumapili, mzee mzima, navaa shati lililopigwa pasi na kwenda kukumbatia nguzo ya watu huku mtaa ukitazama. Majirani wameacha kuniuliza habari za Abalo. Sasa wananiuliza habari za nguzo.

4. Nikiiachia nguzo, sauti inakatika. Siku moja Abalo aliniambia anaumwa. Nikasogea kutafuta pa kukaa, na simu ikanyamaza. Nikabaki nimeishika, sijui mwanangu anaumwa nini. Kaltumi ndiye aliyenirudisha kwenye nguzo na kuniwekea kiti hapo hapo. Kumbe lilikuwa jino. Hapa sitanii, Mkurugenzi: mama yake tulishamzika, na huyu ndiye mtoto pekee niliye naye. Niliogopa sana.

5. Kwa hiyo naomba mnara wa bendi za Amerika ujengwe uani kwangu, penye banda la kuku. Kuku wako tayari kuhama. Ikishindikana, iombeni serikali ya Amerika iichukue nyumba yangu iwe sehemu ya nchi yao, mradi choo kibaki Uganda, maana tunakitumia na majirani. Na hilo likiwa gumu pia, basi Uganda nzima ihamie bendi zangu. Wenye simu za kawaida tutawapangia zamu barazani kwa Kaltumi.

Naomba unijibu upesi, na iwe kwa barua, maana kwa simu hutanipata. Nisalimie wahandisi, makarani, askari wa getini, na yule dada mwenye sauti tamu anayewatangazia watu kwamba sipatikani. Mwambie simlaumu, anasema kweli.

Wako ninayesubiri mtandao,
Kidega Ocira, Sajini mstaafu

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Latif amepita kuniambia kwamba mmeanza kuchimba msingi wa mnara mpya hapa nyuma ya kambi, na kwamba utakuwa na bendi ya simu yangu. Eti nitaongea na Abalo nikiwa kitandani.

Nimekaa nikafikiri. Jumapili iliyopita nilichelewa. Nilimkuta Kaltumi ametoa viti viwili na chai ya tangawizi, na Abalo yuko hewani kwenye simu ya Kaltumi mwenyewe, ile ndogo ya vitufe, ambayo inashika mtandao hadi jikoni. Walikuwa wanacheka, na wala hakuna aliyekuwa ameniulizia. Kumbe namba hiyo Abalo anayo tangu siku ya jino. Nilikunywa chai yangu na sikuikaribia nguzo.

Tafadhali, Ndugu Mkurugenzi, fukieni huo msingi. Nyumbani kwangu hakuna wa kunitolea kiti.