Njia ya Shemeji

Idara ya Vibali vya Asali na Nta, Tabora, inautangazia umma kwamba kuanzia Jumatatu hakuna binadamu, nyuki wala amri ya kompyuta itakayopenya kwa njia isiyo halali.

Tangazo hilo alilitunga Mkurugenzi Yoramu mwenyewe, na alilipenda sana. Alikuwa ametoka semina Dodoma, alikojifunza kwamba prosesa za kisasa zina askari ndani yake. Programu ikirukia mahali pasipo na mlango uliowekwa alama, au ikirudi kwingine badala ya pale ilipoitwa, askari anaizima papo hapo. Unachotakiwa ni kuiambia kompaila, kile chombo kinachogeuza maandishi ya mtaalamu kuwa lugha ya mashine, iwashe ulinzi.

"Washa swichi zote," alimwagiza Apolinaria, mtaalamu wa mifumo. "Hata zile usizozijua."

"Sawa, bosi. Lakini ile njia ya shemeji je? Inaruka ukaguzi wote, inatua katikati ya programu. Haina mlango."

Yoramu alikereka. Njia ya shemeji ilikuwa huduma ya haraka kwa wadau wa kimkakati, yaani wakwe, mashemeji na yeyote aliyepiga simu huku akicheka.

"Askari gani wa kumzuia shemeji yangu? Washa!"

Jumatatu foleni ilianzia dirishani ikaishia karibu na stesheni. Wa kwanza alikuwa mzee Ngollo wa Usinge, ambaye mizinga yake ilikuwa imejaa msituni na kibali hana. Chini ya turubai alikaa mgeni rasmi wa uzinduzi, mwenye sahihi ya kumpandisha Yoramu kuwa Mkurugenzi wa Kanda. Yoramu alikitaka cheo hicho mpaka usingizi ulimpaa.

"Tuanze na kibali changu," mgeni rasmi alinong'ona. "Ukaguzi achana nao."

Yoramu akabonyeza njia ya shemeji. Skrini kubwa ikazima, kisha ikaandika: IMEZUIWA. IMEINGIA PASIPO MLANGO.

"Mtandao huo," Yoramu alifafanua, akabonyeza tena. Ikazuiwa tena, safari hii ombi likionekana lote: mizinga mia mbili, ndani ya hifadhi, kwa jina la mgeni rasmi. Yoramu aliogopa.

Apolinaria, ili shughuli isikwame, akamwita mzee Ngollo.

"Shikamoo, mzee. Barua ya kijiji unayo?"

"Marahaba, mwanangu. Hii hapa."

Kibali kikatoka kabla mzee Ngollo hajavuta kiti.

"Kumbe dude linafanya kazi!" mzee akapaza sauti.

Mgeni rasmi akasimama, mishipa ya shingo imemtoka. "Nani aliyeamuru ulinzi huu?"

Foleni nzima ikamgeukia Mkurugenzi Yoramu, ikampigia makofi.