Dumu la Maji ya Kuponya Magoti

Jumatatu, 3 Machi
Mpwa wangu kaenda tena bwawani. Nahodha wa timu yangu, mtoto wa dada yangu, beki asiyepitika, anatibiwa goti kwa maji! Nimefundisha soka la wanawake miaka kumi na moja, sijaona mechi ikichezwa majini. Mtaalamu wa viungo anayemtibu (namwita Bi Maji, si mbele yake) kasema goti liliharibiwa na ngazi zangu. Ngazi zangu! Mizunguko thelathini ya kupanda na kushuka jukwaa. Kweli, msimu huu tumepoteza magoti matatu. Bahati mbaya tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo ninavyowaambia kila siku. Ajabu ni kwamba hawa watatu ndio walionisikia.

Bi Maji anawahudumia pia wapinzani wetu, nao wanamtaka mpwa wangu. Damu yangu! Jumamosi anapimwa. Akifaulu, atachagua timu.

Jumanne, 4 Machi
Nimeingia bwawani na ufagio, nikajifanya mfagiaji. Nimefagia kigae kimoja saa nzima. Niliyoyaona! Mpwa wangu yuko kwenye kina kirefu, mkanda wa kuelea kiunoni, anakimbia na miguu haigusi chini. Dakika arobaini. Hafiki popote na hasimami. Kwenye maji ya kiunoni, wapinzani wanane, wazima kabisa, wanaruka na kutua, magoti yanatazama mbele, hakuna hata moja linalopinda kwa ndani. Eti wanajikinga wasije wakaumia. Nikiri: sijawahi kuona nidhamu kama ile. Nilisahau kufagia.

Ila siri nimeijua. Ni maji yenyewe. Wametia kitu, nimesikia harufu.

Jumatano, 5 Machi
Nimerudi na dumu la lita ishirini. Nimelijaza, nikatoka kifua mbele. Jioni nimemwita golikipa wangu, ambaye goti lake hulia kama bawaba kavu. Nikamimina maji kwenye pipa, akaingia. Yakamfika kwenye vifundo vya miguu. Nikamwambia achuchumae. Akachuchumaa. Akakwama. Tumemtoa watu watatu, kwa sabuni. Goti bado linalia.

Alhamisi, 6 Machi
Mdomo wa golikipa ni kama mikono yake, haushiki kitu. Kamwambia mpwa wangu, naye kamwambia mama yake. Dada kanipigia simu, kaanza kwa kunitaja jina langu kamili. Nikajua nimekwisha.

Nilipokwenda bwawani kukiri, Bi Maji hakukasirika. Kacheka mpaka kakaa chini. Kisha kanieleza kwamba ile harufu ni ya dawa ya kuua vijidudu, basi. Kazi ya maji ni kuubeba mwili, goti lipumzike huku misuli ikifanya kazi. Kanifunga mkanda, kaniambia nijaribu mwenyewe. Dakika ya kwanza nilijisifu. Ya pili nilimwita marehemu mama. Mpwa wangu alinivuta hadi ukingoni kwa mkono mmoja, mwenyewe bado anakimbia! Nililia kidogo. Uzuri wa majini, hakuna anayejua.

Jumamosi, 8 Machi
Kipimo. Kuruka kwa mguu mmoja na kutua bila kishindo. Mara kumi. Alitua hata vumbi lisishtuke. Kafaulu! Nilipiga makofi peke yangu, kwa muda mrefu kuliko inavyofaa.

Kisha kaniita pembeni. Kasema, Mjomba, nabaki kwetu, ila kwa sharti: ngazi marufuku, na timu nzima bwawani mara mbili kwa wiki. Alikuwa ameshaandika kwenye karatasi. Nimetia saini machozi yakinitoka. Wiki kumi na nne za kukimbia bila kufika, na bado katuchagua sisi. Msichana wa chuma huyu. Ningekuwa na nusu ya moyo wake ningekuwa kocha wa taifa.

Jumapili, 9 Machi
Nimeisoma tena ile karatasi, kwa makini. Imekataza ngazi. Haikutaja mlima.

Nyuma ya uwanja wetu kuna mlima mzuri sana. Nimeupanda leo ili kuupima: hatua mia nne, mizunguko thelathini inatosha. Wakati wa kushuka goti langu la kushoto likalia kwaa!

Bahati mbaya tu. Maji ya dumu yalikuwa bado yapo, kwa hiyo nimechuchumaa ndani ya pipa, naandika haya. Nimejaribu kusimama mara mbili. Itabidi nimwite golikipa, aje na sabuni.