Jinsi Nilivyomfundisha Hartwig Seli

Jumatatu, 4 Machi
Tangazo kwenye lango la bustani ya mimea! Wanatafuta mtu wa kuwatembeza wageni. Sharti moja: aweze kueleza seli ya mmea bila kubabaika. Kazi yangu hiyo! Tangu duka langu la saa lifungwe nimekuwa fanicha tu humu ndani; Hannelore, mke wangu, hunifagilia miguuni kama vile mimi ni meza. Nikarudi nyumbani napiga mluzi. Ngazini nikamkuta Hartwig, jirani wa juu, aliyestaafu kazi ya kugawa barua. Naye kaliona tangazo. Naye anaitaka! Mluzi ukakatika.

Jumanne, 5 Machi
Asubuhi nimekariri kitabu cha shule cha binti yetu. Kiini cha seli hutoa maagizo. Utando huchagua cha kuingia na cha kutoka. Mitokondria hutoa nguvu. Kloroplasti, vile vya kijani, hupika chakula kwa mwanga wa jua. Mchana Hartwig kaja kuomba nimsaidie. Hapohapo! Nikageuza yote. Kiini ni jalala, nikamwambia, taka zote humo. Mitokondria ni mabawabu. Utando ndio bosi. Vya kijani ni pambo tu. Alinisikiliza kama mtoto anayehadithiwa. Akashukuru weee, akaniletea jamu ya plamu. Nimeimaliza kwa kijiko. Dhamiri? Kimya kabisa.

Alhamisi, 7 Machi
Homa! Natetemeka, pua bomba. Hannelore yuko kwa dada yake, mjini Erfurt. Nani kaja? Hartwig, na sufuria ya supu ya dengu. Kanifunika blanketi, kanikanda paji la uso. Halafu, nisije nikaona upweke, kakaa kando ya kitanda akirudia masomo yangu kwa sauti. Kiini, jalala. Mitokondria, mabawabu. Mchana kutwa! Nikisinzia, jalala. Nikizinduka, mabawabu. Nikamwomba anyamaze.
"Wewe pumzika tu, jirani," akasema. "Nasoma kwa ajili yetu wote wawili."
Supu ilikuwa nzuri mno. Hilo lazima niseme.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa. Siku ya usaili, na Bi Sieglinde Voss, mkuu wa bustani, katuweka chumba kimoja, mbele ya hadubini yenye ngozi ya kitunguu. Hartwig kaanza. Kila kitu sahihi! Kiini, maagizo. Mitokondria, nguvu. Nikamtumbulia macho. Akaninong'oneza kuwa jana alipotoka kwangu alipitia maktaba, akaona tulikosea kidogo. Bila shaka, akasema, homa ilishaanza kunipanda tangu Jumanne, masikini.
Zamu yangu. Nikachungulia. Nikafungua mdomo, yakatoka yaleyale ya kitandani: kiini ni jalala!
Bi Voss akavua miwani. "Bwana Wendt, yaani maagizo yote ya uhai yako kwenye takataka?"
Nyuma yake Hartwig akawa anajigonga kichwani kunidokezea: bosi, bosi! Mimi nikaelewa kofia. Nikasema kiini huvaa kofia.
Hapo Hartwig akasimama. "Mama, huyu bado mgonjwa. Bila yeye nisingefungua hata kitabu kimoja. Kama nafasi ni moja, tugawane. Yeye achukue asubuhi."
Bi Voss akacheka mpaka akajifuta machozi. Akasema kwa wageni wa wikendi watu wawili hawamzidi. Ila mimi nikasome kwanza.
Tumepata! Wote!

Jumapili, 10 Machi
Hannelore kapika madonge ya viazi na kabichi nyekundu. Tumemwalika Hartwig. Kanifundisha upya palepale mezani: donge ndilo kiini, mchuzi ndio saitoplazimu, ule ute unaojaza seli, ukingo wa sahani ndio ukuta wa seli. Hakunicheka hata mara moja. Nilitaka kumweleza kila kitu. Nikaishia kusema, "Asante, Hartwig."
"Asante ya nini tena, bwana? Si wewe mwalimu wangu?"
Donge likanishinda kumeza. Hannelore akaniuliza kama homa imerudi. Sijawahi kuwa na rafiki kama huyu maishani. Nimeapa: ujanja basi!

Jumatatu, 11 Machi
Bi Voss anataka mmoja wetu aongoze ziara ya walimu. Mmoja tu! Na picha itatoka gazetini! Atatupima kwa maswali ya ribosomu. Hartwig hajafika sura hiyo. Kanisimamisha ngazini, kauliza ribosomu ni kitu gani. Mungu ambariki, roho safi namna ile. Nimemwambia ni ugonjwa wa viazi. Kashukuru sana.
Hasa ni nini, hata mimi sijui. Kesho nitamwomba Hartwig aniangalizie maktaba.