Kioo cha Edvina ni Kizima

Jumanne, 9 Septemba

Mke wangu Edvina hajarudi. Juzi baada ya misa alibeba begi lake na laptopu yake, akapanda basi la Muleba, huyoo, kwao Nshamba. Mimi nimebaki Bukoba na kioo. Kile kikubwa cha kuunganisha na laptopu, nilichomletea mwenyewe ili macho yake yasihangaike na maandishi madogo. Kweli shukrani ya punda ni mateke!

Naandika ilivyokuwa, bila kupendelea mtu. Edvina ni mwalimu katika sekondari ya masista hapa mjini, na ndiye mtunzi wa mitihani ya kidato cha nne. Laptopu yake ilileta ujumbe kwamba kuna draiva mpya ya kioo, yaani ile programu inayokiendesha. Mimi ni karani wa ghala la kahawa, lakini nina cheti cha kompyuta chenye muhuri. Nani anaachia kitu kipya kipite? Nikabonyeza Ndiyo. Ilipowaka tena, maandishi kwenye kioo kikubwa yalikuwa mapana kama yamekaliwa, yana ukungu, na mengine yametoka nje kabisa. Nikarekebisha. Yakawa mapana zaidi! Pale pa kuchagua vipimo vya picha, wenyewe wanaita rezolusheni, kilibaki kipimo kimoja tu, kile kile kibaya.

Nikamwambia ni umeme. Akanitazama. Nikamwambia ni unyevu wa ziwa. Mtihani ukachelewa, akaitwa na Sista Klaudia, mkuu wa shule. Nikamsindikiza kwenda kumtetea. Ndiyo, kumtetea! Nilisema mbele ya walimu wote kwamba mwenzangu siku hizi haoni vizuri, anabonyezabonyeza asichokiona. Walimu wakacheka, hali ya hewa ikatulia. Sista akampa mwalimu mwingine kazi ya mtihani, Edvina apumzike. Njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea hatua kumi mbele yangu. Wanawake!

Jumatano, 10 Septemba

Nimepiga simu Nshamba. Akapokea mama mkwe, Bi Kokwijuka. Salamu fupi. Akasema Edvina ana ombi moja tu: niende kwa Sista Klaudia niseme kwamba aliyeharibu ni mimi. Nikisema, atarudi. Nikamweleza mama mkwe kwa heshima kwamba suala la nani aliharibu ni la kitaalamu. Simu ikakatika. Mtandao wa kule nao!

Nimekaa nikafikiri. Lazima awepo mkosaji, nakubali. Lakini kwa nini awe mtu? Nikaenda dukani kwa Paresh, pale anapouza vifaa vya umeme tangu enzi za babu yake, nikaomba waya mpya wa kuunganishia kioo. Paresh akauliza ule wa zamani una nini. Nikasema mbovu. Akauchukua, akaupima pale pale, ukafanya kazi. Nikamwambia unafanya kazi dukani, nyumbani unagoma. Akaniuzia mwingine huku akinipa pole, kama mtu aliyefiwa.

Lakini waya ndio mkosaji wangu. Waya hauna ndugu wa kuutetea.

Alhamisi, 11 Septemba

Majaribio. Nimeunganisha kioo cha Edvina na laptopu yangu ya kazini. Safi! Maandishi membamba, meusi, mtu anasoma akiwa mlangoni. Nikaona jaribio halijatimia, nikabonyeza draiva mpya. Mawe! Maandishi yakatanuka palepale. Ukungu ule ule. Kipimo kimoja, kile kile kibaya.

Nikapekuapekua hadi nikakuta mahali pameandikwa kurudisha draiva ya zamani. Nikabonyeza. Kikapona.

Kwa hiyo sasa najua ugonjwa na najua dawa. Sikufurahi hata kidogo. Mtu mwingine angesema basi, ni draiva, na aliyeiweka anajulikana. Lakini jaribio moja si ushahidi.

Mpango: Jumapili naenda Nshamba na kioo, mbele ya wakwe. Nitainama nyuma ya meza pamoja na laptopu kana kwamba nachomeka waya, nitarudisha draiva ya zamani kimyakimya, kisha nitasimama nimeuinua waya juu. Shemeji Gozbert, kaka yake Edvina, atakuwepo. Huyo alisoma Mwanza na hawezi kuomba chumvi bila kutaja neno sistimu. Nataka aone.

Ijumaa, 12 Septemba

Mke akienda kwao kwa hasira, mwanaume haendi kumchukua peke yake kama anayefuata mbuzi. Anakwenda na msemaji na kibuyu cha lubisi. Msemaji wangu ni baba mdogo, Mzee Joackim, ambaye amerudisha wake za watu wengi na kunywa pombe ya ndizi ya wengi zaidi.

Nimemweleza kila kitu, isipokuwa draiva. Akanisikiliza akitafuna. Akasema kazi ni nyepesi. Yeye atasema kijana wetu alichezea kioo cha mwenzake kikaharibika, amekosa. Baba mkwe ataitikia. Kibuyu kitafunguliwa, begi litatolewa, tutaondoka kabla jua halijageuka. Nikamuuliza kwa nini tulitaje kosa la kioo wakati kioo hakina kosa. Akacheka mpaka akapaliwa na kahawa. Akasema wazee hawapatanishi watu kwa kosa lenyewe, wanachagua kosa dogo ambalo kila mtu anaweza kulimeza, ili lile kubwa lisiguswe. Funika kombe mwanaharamu apite, akasema. Akaniusia: wewe kazi yako ni kutazama chini.

Nikamwambia sawa, waitu, kwa heshima zote. Lakini moyoni nilisema huyu mzee hajui teknolojia.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika ndani ya basi la kurudi Bukoba. Asubuhi nilimwambia kondakta wa basi hili aniwekee viti viwili jioni. Kimoja nimekalia. Kingine nimeweka koti.

Tulifika salama. Kutoka stendi ya Nshamba nilipanda bodaboda nimekumbatia kioo ndani ya blanketi. Mzee Joackim nyuma yangu kwenye pikipiki nyingine, amekumbatia kibuyu. Watoto wa njiani wakashangilia kwamba kwa Ndyamukama kunaletwa televisheni.

Baba mkwe, Mzee Ndyamukama, alitukaribisha sebuleni. Kikapu cha akamwani kikapita, tukatafuna kahawa. Akauliza mvua, akauliza mnyauko wa migomba, akauliza bei ya kahawa. Edvina alikaa mkekani karibu na mama yake. Hakunitazama. Lakini alikuwa amesuka nywele upya! Mwanamke hasuki nywele ili abaki kwa mama yake. Nikapata moyo.

Mzee Joackim akasimama. Alisema vizuri, siwezi kumdhulumu. Kijana wetu alichezea kifaa cha mwenzake bila kuulizwa, kikaharibika, leo amekuja kusema amekosa. Baba mkwe akaitikia eee, ndefu, ya kuridhika. Akasema kosa la kioo ni dogo, vijana wa leo na vioo vyao. Wazee wakacheka. Bi Kokwijuka akaingia chumbani, akatoka na begi la Edvina, akaliweka mlangoni. Edvina akajifunga kitenge, akasimama. Gozbert akashika kibuyu kukifungua, huku anatabasamu. Ananitazama mimi na anatabasamu!

Hapo ndipo ilinipasa kutazama chini. Mzee Joackim hata alinikanyaga mguu. Lakini lile neno, kikaharibika! Mbele ya Gozbert! Nikawa karani mjinga aliyeharibu kioo cha mke wake, hivyo hivyo hadi nakufa, kila sikukuu, kila msiba, kila arusi. Nikasimama. Nikawaomba radhi wazee. Nikasema kioo hakijaharibika, wala hakijawahi kuharibika, na nitaonyesha sasa hivi.

Nikaomba laptopu ya Edvina. Akanipa, taratibu, kama mtu anayekabidhi funguo za nyumba aliyohama. Nikachomeka. Nikainama nayo nyuma ya meza kufanya siri yangu. Sikuwa nimegusa kitu. Kioo kikawaka, safi, kila herufi mahali pake! Sikujiuliza. Nani anajiuliza mbele ya muujiza? Nikainua waya juu. Waya, wazee wangu! Waya tu!

Hakuna aliyepiga makofi. Baba mkwe akavaa miwani, akasogea, akasoma kwa sauti swali la kwanza la jiografia. Akasema kweli, kioo ni kizima. Nikasema asante, Tata. Akarudi kukaa. Akasema basi kama kioo ni kizima, na mkwe wetu hakukosa, binti yangu hakuja hapa kwa ajili ya kioo. Akamgeukia. Akamwomba aseme alichokuja nacho.

Mzee Joackim akajifunika uso kwa kofia.

Edvina alisema bila kulia, na bila kupandisha sauti. Afadhali angelia. Alisema tatizo la kioo Gozbert alilimaliza ndani ya laptopu siku moja tu baada ya yeye kufika Nshamba, alirudisha draiva ya zamani, na laptopu haina shida. Alisema macho yake yanapungua na daktari amemwambia. Hakumwambia mtu shuleni, maana alijua wataanza kumpunguzia kazi, leo mtihani, kesho darasa. Alimwambia mtu mmoja tu, mume wake, kitandani. Na mume wake alilichukua jambo hilo akalimwaga mbele ya walimu wote ili afiche kidole kimoja kilichobonyeza. Sasa mtihani amepewa mwingine, na walimu wakipita wanamsomea ubao wa matangazo kwa sauti. Alisema alikubali kosa litajwe kuwa la kioo kwa sababu alitaka kurudi nyumbani kwake. Basi. Akakaa.

Nilitaka kusema kwamba sikulimwaga, lilinitoka. Mzee Joackim alinivuta shati nikakaa.

Gozbert alikifunga kibuyu. Hakuwa anatabasamu tena, na hilo liliniuma kuliko kutabasamu. Bi Kokwijuka akalichukua begi mlangoni, akalirudisha ndani, polepole, ametazama ukuta. Baba mkwe akatoa neno: niende mwenyewe kwa Sista Klaudia, nisimame, niseme mkono ulikuwa wangu na macho ya Edvina hayakuhusika. Kisha nije na lubisi mpya, atafungua mwenyewe. Na kioo kibaki pale, Edvina anakihitaji.

Mzee Joackim amekaa kiti cha mbele na kibuyu kimejaa magotini.

Jumatatu, 15 Septemba

Nyumba imepoa. Mezani kuna alama ya mraba isiyo na vumbi, pale kilipokuwa kioo. Nimepika ndizi zikaungua. Nikala hivyo hivyo.

Sharti lenyewe ni jepesi, najua. Shule ni kutembea tu kutoka hapa. Nimejaribu maneno mbele ya kioo cha kunyolea. Sista, ni mimi. Yakakwama. Nimejaribu tena nimegeuka ukutani, yakatoka. Lakini siwezi kumwambia Sista nimempa mgongo.

Ukweli ni kwamba namtaka mke wangu arudi. Nasikia hata kikohozi chake hakipo. Keshokutwa nakwenda. Nimeapa.

Jumatano, 17 Septemba

Nimekwenda! Na nimetoka kifua mbele.

Sista Klaudia alinipokea ofisini, akanipa kiti. Akasema karibu Byabato, sema, nakusikiliza. Nikaona nikilitupa neno hivi hivi hatalielewa, ni mtawa, si mtaalamu. Nikaanza kwanza kumweleza draiva ni nini. Alikuwa ananisikiliza kwa subira kubwa mno. Katikati ya maelezo akaitwa nje na mzazi, akasema nisubiri, tutaendelea pale pale.

Kompyuta yake ilikuwa wazi mezani. Sikuwa na nia yoyote. Lakini pale pembeni, chini, kulikuwa na ujumbe. Draiva mpya ya kioo! Ya Sista ilikuwa ya zamani mno, aibu kwa shule. Nikaona mtu anayekuja kuomba msamaha asije mikono mitupu. Nikabonyeza Ndiyo.

Aliporudi maandishi yalikuwa mapana, yana ukungu, na nusu ya orodha ya wanafunzi imetoka nje ya kioo. Nikatafuta ile dawa yangu ya kurudisha ya zamani. Imefifia, haibonyezeki! Kumbe si kila kompyuta inakubali. Sista akauliza kwa upole kumetokea nini.

Hapo nilikuwa tayari kabisa kulisema. Mdomo ulikuwa wazi. Lakini makosa mawili kwa siku moja, mtu gani anayabeba? Nikamwambia pengine ni umeme. Nikamwambia pia kwamba mtu akifika umri fulani, macho nayo, anaweza kubonyeza kitu asichokiona.

Alinitazama, kisha akaitazama kompyuta yake. Nadhani sasa ameelewa. Ameona mwenyewe jinsi vitu hivi vinavyojiharibu vyenyewe bila mkono wa mtu, na hilo linamsafisha Edvina kuliko kukiri kwangu kokote. Lile neno lenyewe sikupata nafasi ya kulitamka, lakini ni kama limetamkwa. Nilipokuwa natoka, Sista alikuwa ameshika simu, nikamsikia anamwita Edvina kwa jina. Bila shaka anamweleza kwamba nilifika.

Nimepita kwa Paresh kuchukua waya mwingine, wa Sista. Mzee Joackim hapokei simu, basi lubisi ya Jumapili nimeiagiza mwenyewe. Kondakta nimemwambia aniwekee tena viti viwili.