Taa Niliyomtundikia Baba Mkwe

Wenzangu, aibu iliyonipata leo sijui niipe jina gani. Mnanijua nina maneno mengi. Leo yameniishia yote, na haya machache yaliyobaki ndiyo ninawaandikia.

Wafula na Mutua, someni pamoja huko kwenye kiwanda kipya mlikohamishiwa. Nguo zangu bado zimelowa. (Ndiyo, ile suruali ya miguu mipana. Ile mliyosema inafagia barabara. Leo imefagia tope la nyumbani kwetu lote.)

Leo watu wa Kemunto walikuja kutazama boma. Nyinyi si Wakisii, kwa hiyo nieleze kidogo. Kwetu, kabla msichana hajaolewa, watu wake huja kuona anakokwenda. Wanatazama ng'ombe, wanatazama shamba, wanatazama hata jinsi mama wa kijana anavyopakua chakula. Wakirudi kwao wakasema hapana, basi imekwisha. Na Kemunto alishaniambia wazi: "Baba akikataa, mimi sitoroki na mtu. Mimi si wa kutoroka." Jamani, nampenda huyo msichana. Nampenda mpaka nikihesabu vitu stoo nasahau nilipofika, naanza tena.

Sasa sikieni ujinga wangu ulipoanzia.

Mnakumbuka stima ilikuwa inakuja kwetu? Imefika! Laini ya kiwanda imepita juu ya migomba yetu, tukapewa. Boma la kwanza upande huu wa Nyamira. Kule Kenyenya kwao Kemunto bado wanawasha kandili. Nikasema moyoni, hapa ndipo nitawamaliza. Watashuka garini, wataona mwanga, mambo yataisha hata kabla ya ugali.

Nikaenda Kisii kununua taa. Pale dukani macho yakaangukia bakuli moja la kioo, jeupe kama maziwa, limechorwa maua ya dhahabu pembeni, limening'inizwa kwa minyororo mitatu. Balbu inaingia ndani ya bakuli kutoka juu. Nilisimama mdomo wazi. Sikujua kwamba mtu anaweza kutengeneza kitu kizuri hivyo kwa ajili ya kushikilia mwanga tu.

Mzee mwenye duka akaniuliza, "Unafunga wapi? Ndani ama nje?"

Nikamwambia, "Mahali pa heshima."

"Heshima si mahali," akasema. "Mimi nauliza kama kuna mvua, kuna vumbi, ama kuna mvuke. Hii bakuli ni ya ndani. Juu iko wazi. Kwa nje chukua hii."

Akaniwekea mezani dude. Wafula, unalijua. Ni lile lile la kiwandani, linalofanana na kobe: chuma kizito, kioo kinene, mpira umezunguka ukingoni, na waya wa kulikinga mbele. Nalijua kuliko mnavyojua majina yenu. Mimi ndiye ninayelitoa stoo! Mimi ndiye ninayewaandikia mafundi: la kobe liende kwenye chumba cha kuchekechea, kule vumbi la chai linakoruka mpaka mtu anapiga chafya, maana vumbi likikalia balbu ya moto ni hatari. La kobe liende pale nje lori zinapopakuliwa mvuani. Taa ya kikofia cha bati iende ofisini kwa karani, hakuna mvua humo. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi bila kukosea.

Lakini nyumbani si kiwandani. (Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Msinikatize.) Nyumbani kuna wageni, na wageni huketishwa kwa vyeo. Mzuri mbele, mbaya nyuma. Nikanunua zote mbili. Bakuli la maua nikalitundika nje kwenye baraza, pale mbele kabisa, mgeni alione tangu njiani. Kobe nikamficha jikoni kwa Mama, ile nyumba ya nyuma yenye moshi, mkwe yeyote asimwone.

Fundi aliyenisaidia kuzifunga alisimama akalitazama bakuli, akatazama bati lililo juu yake, lile alilolitoboa ili kupitisha msumari wa kulishikilia. Akaniambia, "Nyumba ni yako." Jikoni akaniwekea waya wa peke yake na fyuzi ya peke yake. Akaenda zake.

Basi. Leo mchana wamefika. Wa mbele Mzee Ondieki, baba yake Kemunto, na kofia yake ya kijivu. Huyo mzee hazungumzi. Anatazama tu. Nyuma yake shangazi wa Kemunto, ambaye anazungumza kwa niaba ya ukoo mzima. Upande wetu msemaji ni baba mdogo, Nyamweya, amevaa koti la marehemu babu.

Hapa lazima nieleze jambo jingine. Kwetu kuna chinsoni, ile haya na heshima iliyopo kati ya wakwe. Baba mkwe humtanii. Humkazii macho. Na kumgusa mwili, hasa kichwa, hilo hata mlevi hathubutu. Mama alinikumbusha tangu asubuhi: "Makori, mikono yako iweke nyuma."

Nikaiweka nyuma.

Walipoketi tu, mvua. Mnaijua mvua yetu ya saa kumi. Hii ya leo ilikuja na mawe, ikapiga bati mpaka baba mdogo akawa anazungumzia habari za ng'ombe kwa ishara za mikono. Tukala. Shangazi alionja ugali wa wimbi wa Mama, akaongeza. Nikaona mambo yanakwenda vizuri.

Mvua ikapungua, ikabaki manyunyu, lakini wingu halikuondoka. Giza likaingia mapema. Nikamkonyeza baba mdogo. Akasimama, akakohoa, akasema, "Wakwe, karibuni barazani. Kijana ana kitu cha kuwaonyesha."

Wakatoka wote. Mzee Ondieki akaenda kusimama chini ya bakuli kabisa, akainua kichwa. Mimi nikashika swichi. Nikangoja kidogo. (Nilitaka wasikie ukimya kwanza. Mtu akiamua kuumbuka, huumbuka kwa mapambo.)

Nikawasha.

Wafula, Mutua, mimi nimefanya kazi chini ya taa za stima miaka yote hii. Sijawahi kuona nilichokiona leo. Mwanga haukutulia. Ulitembea! Juu ya bati, ukutani, kwenye nyuso za watu, kulikuwa na mistari ya mwanga inayocheza na kupindana, ikienda na kurudi, kama mto umegeuzwa ukapita juu yetu. Yale maua ya dhahabu yakawa yanapumua. Shangazi alishika kifua, akamwita Mungu. "Nyasae!" Baba mdogo akavua kofia yake bila kujua. Mimi mwenyewe nywele zilinisimama. Nilisahau harusi, nilisahau wakwe, nikabaki natazama tu. Ilikuwa nzuri, jamani. Nikifa leo, hiyo nimeiona.

Ndipo Mzee Ondieki akafungua mdomo. Mara ya kwanza tangu afike!

"Kijana. Hiyo kitu inatembea hapo juu ni nini?"

Sikujua. Haki ya Mungu sikujua. Mtu mwenye akili angesema sijui.

Nikasema, "Ni stima yenyewe, Mzee. Inapita. Taa za kawaida zinaificha, lakini hii ni ya kisasa. Ukitazama vizuri unaiona ikienda."

"Inaenda wapi?"

"Inarudi kiwandani."

Baba mdogo akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa akilijua jambo hilo tangu zamani. Shangazi akawaambia wenzake, "Mmesikia? Inarudi kiwandani." Mzee Ondieki akasogea, akainua uso zaidi, ili aione stima ikirudi.

Nyinyi mshaelewa. Mimi ndiye niliyekuwa bado. Ile mvua yote ilikuwa imeingia kwenye tundu la msumari, ikashuka na minyororo tone kwa tone, ikajaa bakulini. Kioo cheupe, huoni ndani. Tulikuwa tunashangilia maji. Na bati lilikuwa bado linadondosha.

Kisha wakaja kumbikumbi. Baada ya mvua, wataacha kuja? Walitoka ardhini kwa mamia wakafuata mwanga, wakajitupa bakulini, mbawa zikamwagika kama makapi. Shangazi akaanza kuwakusanya kwa leso, maana kumbikumbi ni chakula, hawaachwi. Watu wakacheka kidogo. Hata Mzee aliacha uso wake ulegee. Nikasema, nimeoa!

Maji yakafika kwenye balbu.

PAA!

Balbu ikapasuka. Giza. Kila mtu akaruka, nami nadhani nilivuta waya, kwa sababu nilisikia msumari ukilia, kisha bakuli likainama na kumwaga kila kitu. Maji, kumbikumbi, mbawa. Vyote juu ya kofia ya kijivu.

Mtu mwingine angepiga kelele. Mzee Ondieki alisimama tu akidondosha maji.

Na mimi mikono ikatoka nyuma. Sijui ilitokaje! Nilimrukia nikamvua kofia. Nikaanza kumpangusa kichwa. Kwa mikono yangu yote miwili, kichwa kitupu cha baba mkwe, nikitoa kumbikumbi masikioni na kusema, "Pole Mzee, pole, huyu hapa, pole, na huyu." Kofia ikawa inanisumbua mkononi. Nikatafuta pa kuiweka. Nikaiweka kichwani kwangu.

Niliisikia sauti ya baba mdogo katika lile giza jepesi la jioni, ndogo sana. "Makori. Toa mikono."

Niliitoa. Nikabaki nimesimama pale nimevaa kofia ya baba mkwe, maji yakinitiririka shingoni, na watu wa ukoo wake wote wakinitazama. Shangazi alikuwa ameacha kuokota kumbikumbi. Ukiona Mkisii ameacha kumbikumbi ardhini, jua jambo limeharibika. Nilimuona Kemunto akilini, nikamuona anaolewa Keumbu na mwalimu fulani mwenye mikono mifupi.

Hapo Mama akaita kutoka nyuma, "Nani amezima huko? Kwangu kunawaka! Leteni wageni kwenye moto!"

Tukaenda. Hakukuwa na pengine pa kwenda. Wakwe, wazee, koti la marehemu babu, sote tukajipanga kwenye vigoda vya jikoni. Na pale juu, katikati ya moshi mzito na mvuke wa sufuria kubwa, alikuwa kobe wangu. Anawaka. Masizi yamemshika, bati linamdondoshea maji mgongoni, na mwanga wake hautikisiki hata kidogo. Maji yanagonga chuma, yanateleza, yanakwenda zake. Nimewapa mafundi kobe huyo mara ngapi? Nilimtazama kama namwona leo. (Cheka tu, Mutua. Nilikaribia kuililia taa.)

Mzee Ondieki aliketi karibu na moto, akatazama juu kwa muda mrefu.

"Hii haitembei," akasema.

"Hapana, Mzee," nikajibu. Nilikuwa nimeshakoma kueleza mambo.

"Nzuri."

Shangazi akasafisha koo. "Hayo ya taa tuyaache. Kijana amemshika Mzee kichwa. Amemvua kofia. Ameivaa. Sisi tutaenda kusema nini nyumbani?"

Baba mdogo akaanza kuomba radhi, akasema nimesoma sana, akasema ni stima imenichanganya. Mzee Ondieki akainua kidole.

"Ataleta mbuzi. Mbuzi wa kusafisha hiyo chinsoni. Mbuzi mkubwa, si hizi za kuugua. Alete yeye mwenyewe kwangu Kenyenya. Asitume mtu." Akanyoosha mkono. "Na kofia yangu."

Nikampa. Wakaondoka. Nikakaa kwenye kigoda nimejishika kichwa, nikamwambia baba mdogo kwamba nimemaliza kila kitu, sasa nitampoteza Kemunto na mbuzi juu yake.

Baba mdogo alinitazama kama mtu anayetazama ndama aliyekwama kwenye ua. "Wewe ulisoma nini shuleni? Mtu wa nje akimshika mzee kichwa anapigwa, anafukuzwa, basi. Mbuzi wa chinsoni hatozwi mtu wa nje. Anatozwa mkwe."

Mama akapiga kigelegele peke yake hapo jikoni, mwiko ukiwa mkononi.

Basi wenzangu, hivyo ndivyo nilivyochumbia. Aliye na mbuzi mnene wa kuniuzia, aandike haraka. Aliye na kicheko, akae nacho hukohuko.