Kisanduku Changu na Mita za Kiwanda cha Barafu

Jumatatu, 5 Machi 1984
Nimeitwa kiwanda cha barafu. Mimi, Msellem, fundi redio wa Shella! Msimamizi, Bi Kanze, ana mita kumi na mbili za mshale za kupimia umeme wa mashine na anashuku zinasema uongo. Nikizisahihisha vyema, matengenezo yote ya kiwanda yatakuwa yangu, na Mramba, fundi wa ng'ambo ya barabara, atabaki na kutengeneza pasi za watu. Nimemwambia Bi Kanze kazi hiyo naijua sana. Sijapata kuifanya.

Jumanne, 6 Machi
Nimeunda kisanduku cha kutoa umeme mdogo. Betri, transista, na kitufe cha kuzungusha kama cha sauti ya redio. Mwisho wake miliampea moja. Umeme wa kumtekenya sisimizi!
Nikakiunganisha na mita yangu. Nilisahau rezista ya kuzuia umeme usizidi. Mshale ukaruka, ukagonga ukingo, ukapinda. Nimeunyoosha kwa kibanio cha nywele cha mke wangu, Mahfudha. Umenyooka. Karibu.

Jumatano, 7 Machi
Mramba amepita. Akauliza nimejuaje kisanduku kinatoa umeme kiasi gani. Nikamwonyesha mita yangu. Akauliza mita nayo nimeipima kwa kitu gani. Kwa kisanduku, bila shaka! Akataka kuniazima mita yake mpya ya Mombasa. Husuda tupu. Nimekataa kwa adabu, yaani nilimkodolea macho mpaka akaondoka.

Ijumaa, 9 Machi
Kazi nimeimaliza kabla ya adhana. Mita zote kumi na mbili zinapatana na kisanduku. Bi Kanze amenipa soda baridi. Nimepita mbele ya duka la Mramba mara tatu, polepole.

Jumamosi, 10 Machi
Yarabi! Bi Kanze kaniita mbio. Mishale yote ilionyesha mashine imezidiwa, wafanyakazi wakaizima. Mashine ilikuwa nzima kabisa. Barafu imekuwa maji, na wavuvi wamesimama mlangoni na matenga ya samaki, wananitazama mimi.
Mramba alikuwa keshafika na mita yake. Kisanduku changu kikidai moja, mita yake inasema sehemu nane tu za kumi. Hakucheka. Afadhali angecheka! Alizisahihisha moja moja, akamwambia Bi Kanze kosa hilo lingempata fundi yeyote. Kisha akaniambia, "Kisanduku ni kizuri, ndugu yangu. Ulikosa cha kukilinganisha nacho tu."
Nusura nilie. Kazi amepewa yeye.

Jumapili, 11 Machi
Mahfudha amenishauri niwe nauliza wanaojua. Nimekubali kwa moyo wote.
Alasiri kaja Kavumbi, mwenye bucha. Mizani yake anaishuku. Nimemtengenezea jiwe la saruji la kilo moja la kuijaribia. Mahfudha akauliza nimejuaje ni kilo. Wanawake! Nimelipima kwa mizani ya Kavumbi. Kilo kamili!