Malkia wa Bure

Leo nimeaibika mbele za watu, na aliyeniaibisha ni mimi mwenyewe.

Mimi kwetu Bunda ni mtu wa drafti. Kwenye drafti kula ni lazima, kwa hiyo mtu akikuletea kete ya bure, jua anakuvuta shimoni. Nimekula za bure nyingi nikajuta. Basi nilipojifunza sataranji na kuambiwa kwamba huku unaweza kukataa kula, nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu (mke wangu asisome hapa).

Asubuhi nilikuwa Musoma, mchezo wa mwisho wa mashindano. Mshindi anaingia timu ya mkoa na kwenda Dodoma. Nilishamuaga hadi mama mkwe.

Mpinzani wangu alikuwa Mwalimu Bhoke wa Butiama, mama mpole, miwani puani. Hatua ya pili tu akanisogezea askari nimle bure. Akatabasamu. (Mtu wa kutabasamu hivyo ana lake jambo.) Nikakataa. Akanitolea askofu. Nikakataa. Kila akitoa nakataa, na kete zake zinazidi kunisogelea.

Mara akamweka malkia wake, kete kali kuliko zote, mahali ambapo farasi wangu angemla bila jasho. Alipomwachia tu, akashika mdomo. Na sheria hairuhusu kurudisha.

Nikajisemea, huyu mama anajua kuigiza. Nikamkagua yule malkia kama ng'ombe wa mnadani. Nyuma yangu rafiki yangu Mafuru, niliyekuja naye kunishangilia, alikohoa mpaka mwamuzi akamwonya. Nikamshuku na yeye. Amepewa nini?

"Mwalimu," nikasema, "mimi si mtoto." Nikasogeza askari wa pembeni kabisa.

Akashusha pumzi, akamchukua malkia yuleyule, akamweka ubavuni mwa mfalme wangu.

"Chekimeti, kaka. Samahani."

Ukumbi mzima ukacheka. Nikamwomba anieleze ule mtego, angalau niondoke na elimu.

"Mtego gani, kaka? Niliteleza tu. Nilishaanza kuwaza nitawaambia nini wanafunzi wangu."

Mafuru alinisubiri mlangoni. "Nakohoa kifua kinauma, wewe umekaa tu. Kwenye msiba hukataagi hata ukoko, leo unakataa malkia?"

Dodoma anakwenda Mwalimu.

Mpaka sasa watu watatu wameshaniandikia pole, bure kabisa. Mnataka nini?